Tisa, Giza, Nane

Pandu Mcha, fundi mafriji wa Kwahani,
hakuwahi kusema kwa nini aliichagua Wigan.
Wenzake walichagua timu kama watu wachaguavyo mkwe:
ana nini, katoka kwa nani, atatufaa?
Yeye aliipenda kama mtu ampendavyo jirani mwenye madeni.

Mimi nilikaa mlangoni mwa banda la mjomba Ussi,
kopo la maziwa mapajani, kiingilio mia tatu,
na kauntabuku la kwaya mbili la kuandikia matokeo.

Jumapili ile ya Novemba umeme ulikuwapo.
Mapumziko, moja bila. Pandu akatoka kifua mbele,
akanunua urojo, akasema, "Mchezo bado mbichi."
Hajaramba kibakuli, yalikuwa manne.
Yakafika tisa.
Watu walicheka mpaka mabati yakaitika.
"Pishi mbili na kibaba!" akapaza Bwana Simai wa dukani.
Nikaandika: Tottenham 9, Wigan 1.
Ile moja nikaikoleza wino, sijui kwa nini.

Kisha Desemba.
Waya uletao umeme kutoka bara, chini ya maji,
ukafa, na Unguja ikazimika, Mjini hadi Nungwi.
Siku ya kwanza tulisema kesho.
Siku ya kumi hatukusema kitu.
Friji la mama likawa kabati: unga, khanga, madaftari ya skuli.
Maji hayakupanda; tulipanga ndoo kisimani kabla ya adhana.
Jenereta la mjomba lilikunywa zaidi ya kiingilio,
akaliuza, akafunga banda kwa kamba ya usumba.
Na Pandu akakaa juu ya sanduku lake la spana
akiitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine.

Kule ligi ilichezwa. Hilo ndilo lililoniudhi:
watu wanakimbia chini ya taa nyeupe
na sisi tunatambuana kwa kikohozi.
Matokeo yaliletwa na binamu yangu wa Temeke
kwenye simu niliyoichajisha Darajani kwa mia tano.
Yalikuja makavu, namba bila mbio,
kama taarifa ya msiba isiyotaja maradhi.
Niliyaandika kwa mshumaa.

Machi, giza limebakiwa na siku za kuhesabika,
simu ikatetemeka: Wigan 1, Liverpool 0.
Nilikimbia, khanga inaningoka, nikagonga dirisha la Pandu.
"Kafunga nani?"
Sijui.
"Kwa mguu? Kwa kichwa?"
Sijui.
"Dakika ya ngapi, Time?"
Binamu hakuandika.
Kimya. Kisha nikamsikia ndani, akicheka chini chini,
kama mtu anayehesabu fedha na hataki zisikike.

Umeme ukarudi. Aprili wakaifunga Arsenal,
matatu katika dakika kumi na ushei za mwisho,
banda zima likasimama juu ya mabenchi,
na Pandu siku hiyo yuko Makunduchi, hitima ya shangazi yake.

Mei, siku ya kufunga msimu, akaja kapiga pasi shati.
Chelsea nane, Wigan hawana kitu.
"Pishi mbili kavu!" Simai tena, hakuweza kujizuia.
Pandu alingoja mpaka kombe likanyanyuliwa,
mpaka wa mwisho akatoka akijifuta machozi ya kicheko,
ndipo akanijia mlangoni.
"Hebu tazama humo. Wameshuka?"
Nikapitisha kidole. Wa kumi na sita.
"Hawakushuka."
"Basi," akasema. "Kuna friji Jang'ombe linavuja."

Daftari ninalo mpaka leo.
Tisa imefifia, nane imefifia,
mende wamekula pembe ya msimu mzima.
Ukurasa wa Machi una tone la nta,
limeangukia pale pale penye ile moja.
Umeme ukikatika, naipata kwa kidole.